Swala, Punda na Kosa la Kulinganisha

Jamhuri ya Shangilia haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayehisi kwamba anaijua, au kwamba amewahi kupanga foleni ndani yake, namwomba akapime macho. Sisi wenyeji ni watu wenye bahati. Tuna Rais mmoja tu, Mtukufu Ngao, ambaye ametawala tangu wengi wetu hatujaota meno, na jambo hilo limetupunguzia sana usumbufu wa kuchagua. Tuna barabara zilizozinduliwa mara nyingi kuliko zilivyopitwa. Tuna pia Wizara ya Mitambo na Shukrani, ambayo kazi yake ni kupokea mitambo kutoka nje na kushukuru kwa niaba ya wananchi, kwa sababu wananchi wakishukuru wenyewe wanaweza kukosea.

Ikatokea kwamba nchi moja rafiki ilikuwa inafagia jengo lake. Katika kufagia ikakuta seva mbili kuukuu, yaani zile kompyuta kubwa zinazohudumia kompyuta nyingine. Badala ya kuzipeleka jalalani, ikatuletea sisi. Tulizipokea bandarini kwa ngoma na matarumbeta, na watoto wa shule waliosimama juani mpaka wengine wakaanguka. Waziri wa Mitambo na Shukrani, Mheshimiwa Mchongoma, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Wapo wasiolitakia mema taifa hili wanaosema kwamba mitambo hii imezeeka. Nauliza, nani kasema kuzeeka ni kasoro?"

Akaitazama picha ya Mtukufu Ngao iliyokuwa nyuma yake. Tulipiga makofi upesi, kabla mtu hajapata nafasi ya kujibu.

Kazi iliyoisubiri mojawapo ya seva hizo haikuwa ya mchezo. Kabla ya hapo damu ilikuwa inaibwa hospitalini na kuuzwa nje. Wezi walijulikana, lakini baadhi yao walikuwa na vyeo, na kuwakamata kungekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo serikali ikaamua kuikamata damu. Kila friji ya damu nchini ikawekewa nondo na kufuli la umeme, na kufuli hilo halifunguki mpaka mtambo mmoja ulioko makao makuu utoe ruhusa. Daktari anaandika jina la mgonjwa kwenye kompyuta, ombi linakwenda makao makuu, mtambo unalikagua, kufuli linafunguka. Ndivyo ilivyoelezwa katika vijitabu, na picha zake zilikuwa za rangi.

Lililobaki lilikuwa kuamua ni seva ipi kati ya zile mbili ipewe kazi hiyo.

*

Aliyeagizwa kuzichunguza ni Mhandisi Tausi Mnyeke. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi mwepesi, aliyesoma ng'ambo kisha akarudi nyumbani, kitendo ambacho wenzake wizarani hawajakielewa hadi leo. Alikuwa na tabia mbaya ya kucheka katika vikao, na alicheka pale hasa ambapo hapakuwa na mzaha.

Sasa, katika Shangilia huwezi kulinganisha vitu viwili hivi hivi tu. Ipo Sheria ya Ulinganisho, iliyopitishwa baada ya muuza nyanya mmoja kusema hadharani kwamba nyanya za zamani zilikuwa kubwa. Mwenye haja ya kulinganisha huomba kibali kwenye Baraza la Kuzuia Ulinganisho, ambalo katibu wake ni Bi Stara, mama mpole mwenye mkono wa chuma.

"Unataka kulinganisha nini na nini, mwanangu?" Bi Stara aliuliza.

"Prosesa mbili, mama. Prosesa ndiyo ubongo wa seva."

"Bongo mbili!" Bi Stara akashika kifua. "Za kina nani?"

"Si za watu. Ni za mashine."

"Na moja itaonekana bora kuliko nyingine?"

"Ndiyo maana ya kulinganisha, mama."

"Hapo ndipo balaa linapoanzia. Leo mnalinganisha prosesa kuukuu na kuukuu mwenzake, sawa. Kesho mtalinganisha hospitali yetu na ile anakotibiwa Waziri. Keshokutwa…" Hakumaliza. Aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi. "Nitakupa kibali, lakini kwa sharti. Zote mbili zishinde."

Tausi akacheka. Bi Stara akaandika kwamba mwombaji alicheka.

Majina ya kiwandani ya prosesa zile yalikuwa mkururo wa herufi na tarakimu usiotamkika, kwa hiyo mafundi katika chumba cha mitambo wakazipa majina yao. Moja wakaiita Swala, nyingine Punda. Mdogo wake Tausi, aitwaye Hadiya, alipopita mchana mmoja kumletea dada yake wali na mchicha, alikuta zote mbili zinanguruma na dada yake anavuja jasho.

Hadiya alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshatangulia mbele kama mgeni rasmi. Aliketi juu ya kasha tupu akajipepea na kanga.

"Dada, unakonda kwa ajili ya makopo haya. Kwani tofauti yake ni ipi?"

"Wote ni wazee," Tausi akasema huku akila. "Lakini kuna mzee na mzee. Swala ina vichwa vichache, ila kila kichwa kina kasi. Punda ina vichwa vingi, na kila kimoja ni kizito kidogo. Sasa fikiria wapishi. Unataka yai moja la kukaanga. Nani atakuletea kwanza?"

"Swala."

"Na ukiwa na shughuli, watu wamejaa uani, kila mmoja anataka sahani yake?"

Hadiya akacheka. Kucheka huko kulikuwa kwa ukoo. "Hapo nipe Punda na wapishi wake wengi. Huyo Swala atachanganyikiwa kwenye sufuria ya tatu."

"Basi umeshaimaliza kazi niliyopewa na serikali. Nenda kapumzike."

Na ndivyo majaribio yalivyoonyesha. Tausi alipoiuliza Swala swali moja, jibu lilirudi kabla hajaondoa kidole. Alipoirushia maombi ya hospitali zote kwa pamoja, kama yatakavyokuja siku ya kazi yenyewe, Swala ilipata moto, ikakwama, ikanyamaza. Punda haikumshangaza mtu yeyote. Ilijikokota, ikajibu moja, ikajibu jingine, na mwishowe kila hospitali ikawa imejibiwa. Tausi akaandika ripoti fupi: chagueni Punda. Chini yake akaongeza sentensi moja kwamba, kwa kuwa zote mbili ni kuukuu na siku moja zitakufa, kila hospitali iachiwe ufunguo wa kawaida, wa chuma, mkononi mwa daktari.

*

Mheshimiwa Mchongoma alimwita ofisini. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma kiasi kwamba Waziri alikuwa amevaa koti juu ya koti.

"Mhandisi, nimesoma ripoti yako. Nimesikitika. Unataka taifa tukufu liendeshwe na Punda?"

"Ni jina tu, Mheshimiwa. Mafundi walitania. Tuiite vingine, hata Tembo."

"Jina likishaingia masikioni mwa watu halitoki. Magazeti ya nje yataandika nini? Punda yuko makao makuu! Unadhani watafikiri tunamsema nani?"

Tausi alijitahidi asicheke, na kwa mara ya kwanza akafaulu, kwa sababu aliona Waziri anaogopa kweli.

"Mheshimiwa, Swala itakwama. Hospitali zote zikiomba damu kwa pamoja, itakwama, na watu watakufa mbele ya friji zilizojaa."

"Na huu ufunguo wa chuma? Hapa ndipo uliponichoma moyo. Tumpe daktari ufunguo, afungue mwenyewe, bila kuomba? Akizoea kutoomba damu, kesho ataacha kuomba nini?"

"Mheshimiwa, mwanamke anayetoka damu hana muda wa…"

"Wananchi wetu wana subira," Waziri akasema kwa upole wa mtu anayemsifu mbuzi kwa nyama yake. "Hata hivyo mimi siamui. Ataamua Mtukufu mwenyewe."

Shindano likafanyika katika Ukumbi wa Umma, ambao umma huruhusiwa kuuona kwa nje. Seva zote mbili zilipambwa kwa bendera. Mtukufu Ngao aliingia akishikwa mkono huku na huku, akaketishwa mbele ya kibao cha kuandikia, na Waziri akamnong'oneza kwamba aulize swali lolote atakalo. Mtukufu akafikiri sana. Kisha kwa kidole kimoja akaandika: *Je, mimi ni mzima?*

Swala ikajibu papo hapo: *Mtukufu ni mzima.*

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Swali lilelile likapelekwa kwa Punda. Punda ikachukua muda wa mtu kumeza mate, ndipo ikajibu: *Mtukufu ni mzima.*

Mtukufu Ngao akakunja uso. "Hii imesita," akasema.

"Imesita!" wakaitikia mawaziri.

"Inasita nini? Ina mashaka na afya yangu?"

Hapo Tausi akasimama bila kuruhusiwa. Waliokaa karibu naye wakasogeza viti vyao, mmoja huku, mmoja kule, ikabaki duara tupu kumzunguka.

"Shikamoo, Mtukufu. Naomba kusema. Hapa umeuliza wewe peke yako. Ukiuliza peke yako, Swala itashinda kila siku. Lakini mtambo huu utaulizwa na hospitali zote, na watu wengi, kwa wakati mmoja."

Mtukufu Ngao akamwangalia kwa mshangao wa kweli, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa kwamba nje kuna jua la pili.

"Na ni nani mwingine," akauliza, "anayeuliza maswali katika nchi hii?"

Swala ikachaguliwa.

Tausi akapewa likizo ya kutafakari, isiyo na mshahara wala mwisho. Punda ilihukumiwa kutupwa kwa kosa la kusita. Ila Mheshimiwa Mchongoma, ambaye hapendi kuona mali ya umma ikipotea, aliichukua mwenyewe na kuifunga katika kampuni ya shemeji yake ya kubashiri mpira. Huko ilianza kuhudumia maelfu ya vijana kwa pamoja, na sijasikia hata mmoja akilalamika.

*

Siku ya uzinduzi ilitangazwa kuwa sikukuu. Ili kuonyesha umoja wa kitaifa, kila hospitali iliamriwa iwashe kompyuta yake saa ileile na kutuma maombi yake yote, hata yale ambayo hayakuwa na mgonjwa, ili takwimu zipendeze.

Asubuhi hiyo Hadiya alishikwa na uchungu. Mumewe, Masoud Ngoda, ni fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa maneno machache, na karakana yake inapakana na kibanda changu cha kutengeneza redio. Ndiyo maana hadithi hii ninaijua, sikuisoma gazetini. Tulimpeleka Hadiya Hospitali Kuu mimi, Masoud na Tausi. Njiani Hadiya alikuwa bado anamtania mumewe kwamba mtoto akirithi ukimya wake, atazaliwa bila kulia.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na alilia sana. Tulimsikia tukiwa kwenye benchi la nje. Masoud alitabasamu akayafuta macho kwa mkono wenye masizi. Halafu mlango ukafunguka, na Daktari Shomvi akatoka na kompyuta ndogo kifuani. Tukaona viatu vyake vimelowa damu.

"Anavuja damu," akasema. "Nimeshaomba. Tunasubiri ruhusa."

Friji ya damu ilikuwa pale pale ukumbini, nyuma ya nondo, na mlango wake ulikuwa wa kioo kinene. Mifuko ilionekana. Imepangwa vizuri, kundi kwa kundi, na kundi la Hadiya lilikuwa rafu ya juu, la kutosha na kubaki. Juu ya kufuli kulikuwa na kioo kidogo kilichoandika: *Subiri kwa uzalendo. Taifa linafikiri.*

"Imekwama," Tausi akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Daktari, haitafunguka. Vunja."

"Dada yangu, kuvunja ni uhaini. Imeandikwa pale ukutani. Nina watoto."

"Na yule mle ndani hana mtoto? Si umetoka kumpokea sasa hivi kwa mikono yako?"

"Nimeomba tena. Kila nikiomba inaniambia niko nyuma."

"Basi toa damu yangu. Mimi na yeye ni kundi moja. Nimelala hapa chini, nitoboe."

Daktari Shomvi akatikisa kichwa, na machozi yalikuwa yanamtoka. Hilo nalitaja kwa haki yake. "Damu ikishatoka mwilini ni mali ya serikali. Mpaka mtambo uiandikishe ndipo niweze kuitumia. Sindano zenyewe nazo zimefungiwa humo humo."

Masoud alizishika zile nondo, akazipima kwa kidole kama anavyopima kazi ya mteja, kisha akageuka akakimbia. Nilimfuata. Alikwenda kuchukua mashine ya kukatia chuma karakanani, mwendo ambao kwa siku ya kawaida ni mfupi. Siku hiyo barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msafara wa Mtukufu Ngao aliyekuwa anakwenda kuzindua. Askari walitusimamisha kwenye kamba, wakatuamuru tupunge mikono. Tulipunga. Masoud alipunga mkono, na askari mmoja akampa kibendera.

Waliobaki hospitalini wamenisimulia yaliyoendelea. Tausi alikipiga kioo cha friji kwa kiti, akapiga kwa mtungi wa kuzimia moto, akapiga kwa mikono mpaka walinzi wakamshika. Kwenye benchi, vijana waliomsindikiza mwenzao aliyevunjika mguu walikuwa wanabashiri mpira kwa simu zao, na kila walipobonyeza, majibu yaliwarudia hapo hapo. Tausi aliwaangalia. Alijua ni nani anayewajibu.

Tuliporudi na mashine, Hadiya alikuwa ameshafunikwa.

Alasiri, wakati wanawake wanamwosha, kufuli lilifanya *kla* likafunguka lenyewe. Kioo kidogo kiliandika: *Ombi la Hadiya Mnyeke limekubaliwa. Ahsante kwa kusubiri.*

*

Redio ya taifa ilieleza yote kwa ufasaha. Uzinduzi ulifana. Mtukufu Ngao alikuwa wa kwanza kuuliza, naye alijibiwa mara moja. Kuhusu vifo vichache vilivyoripotiwa siku hiyo katika hospitali mbalimbali, uchunguzi ulibaini kwamba marehemu hawakusubiri.

Nilikuwa msibani tulipoisikia. Redio ilikuwa yangu. Wanawake walikuwa ndani, wanaume tuko nje kwenye mikeka, na Tausi alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake imefungwa bandeji. Mtangazaji alipomaliza, Tausi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ingekuwa Punda, mdogo wangu angekuwa hai."

Katika kila msiba wa Shangilia huwa kuna mfiwa mmoja asiyejulikana na ukoo wowote, na huyo aliinuka akaondoka kabla ya kahawa. Jioni walikuja kumchukua Tausi. Mashtaka yake yalikuwa kulinganisha mtambo uliochaguliwa na mtambo usiochaguliwa, bila kibali, mbele ya watu wenye majonzi.

Mahakama ilijaa. Mwendesha mashtaka alimleta Masoud kama shahidi wa serikali. Alikuwa ameahidiwa kwamba akieleza vizuri jinsi mtambo ulivyojibu ombi lake, atapewa kazi ya kuchomea mageti ya Ikulu. Masoud alipanda kizimbani na mtoto mgongoni, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Mama mkubwa wa mtoto tayari alikuwa katika kizimba cha pili.

"Bwana Masoud," mwendesha mashtaka akasema, "iambie mahakama. Mtambo uliikubali damu ya mkeo, au haukuikubali?"

"Uliikubali."

"Ahsante. Nimemaliza, Mheshimiwa."

"Mimi sijamaliza," Masoud akasema. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kwa mfululizo, na nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia. "Mheshimiwa Hakimu, nina swali. Asubuhi nilikuwa na mke. Jioni nilikuwa sina. Nikisema hivyo, nimelinganisha?"

Hakimu akavua miwani. Akaivaa.

"Umelinganisha," akasema. "Karani, futa."

"Basi na mimi nifutwe," akasema mama mmoja nyuma. Alisimama, hatukumjua. "Asubuhi nilikuwa na mwanangu wa kiume. Mchana nilikuwa sina. Hospitali ya Mashariki."

Akasimama mzee mmoja. "Asubuhi nilikuwa na mke, mwenza wa maisha yangu yote. Jioni nilikuwa sina. Hospitali ya Bondeni."

Wakawa wanasimama mmoja baada ya mwingine, bila kelele, bila matusi, kila mtu na asubuhi yake na jioni yake. Hakimu aligonga meza mpaka nyundo ikaachana na mpini. Tuliondolewa wote nje kwa virungu. Hukumu ilisomwa kwa viti vitupu: Tausi Mnyeke, kifungo cha miaka mitano kwa kulinganisha kwa makusudi, na mwaka mmoja juu yake kwa kucheka wakati hukumu inasomwa. Hilo la kucheka walituambia askari. Walisema hakikuwa kicheko cha mwendawazimu, na ndicho kilichowaudhi.

*

Masoud hakurudi nyumbani. Alimpa mtoto yule mama wa Hospitali ya Mashariki, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za mahakama akishika jicho lililovimba. "Mshike kidogo, mama," akasema. Kisha akaenda karakanani, akabeba mashine yake ya kukatia chuma begani, akaelekea Hospitali Kuu mchana kweupe, katikati ya barabara. Nilibeba waya. Mafundi wengine wa mtaa wetu walimwona akipita, wakaacha kazi zao wakabeba mashine zao. Hakuna aliyepanga. Walipofika njia panda wengine walikwenda Mashariki, wengine Bondeni.

Pale Hospitali Kuu walinzi hawakutuzuia. Mmoja alinionyesha mahali pa kuchomeka waya. Masoud akapiga magoti mbele ya friji. Cheche zikaanza kuruka ukumbi mzima. Wagonjwa walitoka vitandani, wakasimama ukutani na nguo zao za hospitali wakitazama.

Nondo ya kwanza ilipoanguka, wanajeshi wakaingia. Kamanda wao alikuwa mtu mzima, mwenye mvi pembeni, na mkono wake ulikuwa kwenye bastola.

"Zima hiyo mashine!"

Masoud hakugeuka. "Niache nimalize nondo hii, afande. Ukiiacha nusu itamchana mtu."

"Nimesema zima! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Najua," Masoud akasema. "Mke wangu alinifia akiisubiri."

Kamanda akatugeukia sisi wengine. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, nimeshika nini. Nikamwambia nimeshika waya. Akaniamuru niuchomoe. Wasomaji, mimi ni mtu ninayependa amani. Bandarini nilipiga makofi, barabarani nilipunga mkono, na hadithi hii yote nimejitahidi kuisimulia kwa adabu. Nikamwambia: "Njoo uuchomoe wewe."

Hakuja. Alisimama pale, na wanajeshi wake wakasimama nyuma yake, na sauti ya chuma ikikatwa ikawa ndiyo sauti pekee iliyokuwa na ruhusa ya kusikika. Sijui alikuwa anafikiri nini. Labda alikuwa na mtu wodini. Labda alikuwa amechoka tu. Kutoka chumba cha ndani muuguzi alipaza sauti akimwita Daktari Shomvi, kwamba kuna mama anavuja, na daktari alikuja mbio na kompyuta yake kifuani. Alipofika mbele ya friji alituangalia, akamwangalia kamanda, kisha akaiweka ile kompyuta chini sakafuni, kando ya miguu yetu.

Kufuli likaanguka. Masoud akazima mashine, akasogea.

Daktari Shomvi alifungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, akatoa mfuko, akausoma mara mbili.

"Jina la mgonjwa?" akauliza kwa sauti.

"Mwanahija Sefu," muuguzi akajibu. "Kitanda cha dirishani."

Wakaondoka mbio na damu mikononi. Masoud alikaa chini, akaegemea ukuta na macho yake kwenye mlango wa wodi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeondoka mpaka muuguzi alipotoka kutuambia kwamba yule mama ameomba maji ya kunywa.